Kamshafti Mpya Uani Kwako: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Kampala

Swali hili halikatiki. Analiuliza mwenye Corolla wa Ntinda, mwenye Vitz wa Bweyogerere na dereva anayelaza taksi yake Nansana: injini inagonga upande wa juu, fundi amesema kamshafti zimeisha, je, mtu mwenye spana zake anaweza kuzibadilisha mwenyewe nyumbani? Kwa baadhi ya injini jibu ni ndiyo, ilimradi mwenye kazi yuko tayari kupima kabla ya kukaza. Kwa injini nyingine jibu ni hapana, nazo zitatajwa.

Mwongozo huu umeegemea Toyota za silinda nne, kwa kuwa ndizo zimejaa mjini. Mfano mkuu ni 1NZ-FE ya lita 1.5, injini ya Vitz, Ist, Raum, Fielder, Corolla ya NZE121 na Premio nyingi. Ina vali 16, kamshafti mbili juu ya hedi, na cheni inayoziendesha. Kando yake ipo Corolla ya zamani ambayo Kampala nzima inaiita Kikumi, yenye 5A-FE au 4A-FE na mkanda wa taimingi badala ya cheni. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu liundwe, lakini yaliyokwisha kuingia yanaendelea kuzeeka humu humu barabarani.

Hakikisha kwanza kwamba ni kamshafti

Kamshafti husingiziwa sana. Mlio wa juu una vyanzo vingi, na vingi kati yake vinatibika bila kufungua hedi. Kabla ya kutenga fedha za spea, fanya haya kwa mpangilio:

- Pima oili kwa kijiti gari likiwa mahali tambarare. Injini yenye oili pungufu hugonga juu kabla ya mahali pengine popote.
- Sikiliza mlio unatokea lini. Ukisikika sekunde chache tu asubuhi kisha ukatoweka, shuku cheni, tenshena au giya ya VVT-i, ile inayobadilisha taimingi ya kamshafti.
- Injini ikimisi, hamisha koili ya silinda inayomisi uiweke kwenye silinda nyingine. Tatizo likihama na koili, umeokoa kazi nzima.
- Soma kodi kwa mashine. P0340 inahusu sensa ya kamshafti au nyaya zake. P0016 inasema krenki na kamshafti hazikubaliani, mara nyingi kwa sababu ya cheni iliyorefuka au iliyoruka jino. P0011 inaelekea kwenye VVT-i, na chujio dogo la vali yake ya oili huziba kwa uchafu.

Baada ya hapo ndipo ifunguliwe kava ya tapeti. Zungusha krenki kwa mkono na utazame nundu za kamshafti moja baada ya nyingine. Nundu nzima hung'aa sawasawa na ukucha huteleza juu yake. Iliyokufa ina vishimo, michirizi inayonasa ukucha, au ncha iliyotandazika. Hiyo ndiyo hukumu, wala si sauti peke yake.

Tafuta kilichoiua ya kwanza

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapoharibikia. Mtu anaona nundu imelika, ananunua kamshafti, anaifunga, na baada ya miezi michache mlio unarudi. Kamshafti huishi juu ya utando mwembamba sana wa oili. Utando ukikosekana, chuma kinakula chuma. Kwa hiyo aliyebadilisha kamshafti bila kujua oili ilikwenda wapi hajatengeneza gari.

Foleni za Jinja Road na Entebbe Road zinadanganya hesabu. Dashibodi inaonyesha kilomita chache, kumbe injini imekaa ikiunguruma kwa saa nyingi. Anayesubiri kilomita 10,000 ndipo amwage oili, huku kila siku akitambaa kwenye foleni, anakuta tope jeusi chini ya kava. Wengine huongeza tu oili inapopungua, mwaka hadi mwaka, bila kumwaga iliyochakaa. Oili bandia nayo ipo sokoni, kwenye makopo yanayofanana kabisa na ya halali.

Ukikuta tope, shusha sampu usafishe chujio la pampu ya oili. Ni kazi ya ziada na inachosha, lakini usiiruke. Kisha tazama makalio ya kamshafti ndani ya hedi. Kwenye 1NZ-FE kamshafti hazikai juu ya beringi za kubadilisha: zinazunguka moja kwa moja kwenye alumini ya hedi na kepu zake. Alumini ikiwa na mifereji, kamshafti mpya haitasaidia kitu, na njia iliyobaki ni kutafuta hedi nyingine au kuipeleka hiyo kwa mchongaji wa mashine.

Injini za kuachia gereji

- Subaru za EJ, ambazo ni nyingi mjini kwenye Legacy, Impreza na Forester. Zina hedi mbili zilizolala kushoto na kulia, na zile za kamshafti nne hazina nafasi ya mkono kati ya hedi na bodi. Mafundi wengi huishusha injini kabisa.
- V6 kama 1MZ-FE ya Harrier ya lita 3.0. Hedi yake ya nyuma imejificha chini ya kioo.
- Magari ya Ulaya yanayohitaji zana maalumu za kufungia kamshafti wakati wa kuweka taimingi.

Toyota ya silinda nne yenye hedi iliyosimama wima inakupa nafasi, mwanga na alama zinazosomeka.

Zana, na zile ambazo watu huzidharau

Spana na soketi za milimita 8 hadi 22, rachi, bisibisi, jeki na stendi zake ni vitu ambavyo mwenye kazi huwa navyo tayari. Vinavyosahaulika ni hivi:

- Toki renchi ndogo inayosoma kuanzia Nm 5 au 10. Ile kubwa ya nati za magurudumu haifai.
- Fila geji na maikromita.
- Rangi ya kuwekea alama, nyeupe au ya njano.
- Kipande cha ubao chenye mashimo, au katoni iliyoandikwa namba, cha kupangia tapeti na kepu.
- Silikoni ya injini inayostahimili oili, gasketi mpya ya kava, oili mpya na filta.
- Matambara safi yasiyotoa nyuzi.
- Mwongozo wa ukarabati wa injini hiyo hiyo, uliochapishwa au uliomo kwenye simu.

"Fundi wangu amekaza injini miaka ishirini bila toki renchi," mwenye gari atasema. Huenda ni kweli, na mkono wake umejifunza. Mkono wa mtu anayefungua hedi kwa mara ya kwanza haujajifunza. Bolti za kepu za 1NZ-FE hukazwa kwa takriban Nm 13, na zile za kepu ya mbele kwa Nm 23. Ni nguvu ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Uzi wa alumini ukishang'oka, kazi ya mchana mmoja inageuka ya wiki.

Kununua Kisekka bila kupigwa

Soko la Kisekka, lililopewa jina la Dakta Samson Kisekka, waziri mkuu wa Uganda tangu 1986 hadi 1991, ndiko spea nyingi za mtumba zinakopatikana. Usiende mikono mitupu. Beba kamshafti ya zamani ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, na uandike namba ya injini na ya chesisi. "Ssebo, hii ni orijino ya Japani," muuzaji atasema, na pengine ni kweli. Orijino iliyolika bado imelika.

Laza zote mbili kwenye meza, sambamba. Urefu ulingane, idadi ya makalio ilingane, na matundu ya oili yawe mahali pamoja. Angalia hasa sehemu inayosomwa na sensa, kwa sababu injini za familia moja zinaweza kufanana kwa kila kitu isipokuwa hapo. Pitisha ukucha kwenye kila nundu, kisha pima kwa maikromita. Nundu za kuvuta hewa zilingane zenyewe kwa zenyewe, na za kutoa moshi vivyo hivyo. Mwisho, ivingirishe kwenye kioo au bamba lililonyooka uone kama imepinda.

Muuzaji asiyekubali mtu apime, mwache.

Kazi yenyewe

Chagua asubuhi isiyo na dalili ya mvua, au fanya kazi chini ya paa. Miezi ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Novemba mvua haipigi hodi, na hedi iliyo wazi haitakiwi kupata tone. Vumbi jekundu la uani ni adui mbaya zaidi: mwaga maji chini kwanza na uoshe injini siku moja kabla. Injini iwe baridi kabisa.

1. Ondoa waya hasi wa betri. Toa koili na plagi ili krenki izunguke kwa urahisi.
2. Toa kava ya tapeti. Ziba kwa matambara kila upenyo unaoshuka kwenye cheni. Bolti moja ikitumbukia humo itafika kwenye sampu.
3. Zungusha krenki upande wake wa kawaida, yaani kama saa ukiitazama kutoka upande wa puli, mpaka pistoni ya kwanza iwe juu kabisa. Alama ya puli ikae kwenye 0, na alama za giya za kamshafti zielekee juu kama mwongozo unavyoonyesha. Zikiwa kinyume, zungusha krenki mzunguko mmoja tena.
4. Paka rangi kiungo cha cheni na jino la giya linalokigusa, kwenye giya zote mbili. Piga picha.
5. Legeza tenshena. Kwenye 1ZZ-FE, ya Wish na Premio ya lita 1.8, ipo nje nyuma ya hedi na imeshikwa na nati mbili. Kwenye 1NZ-FE ipo ndani, na hufikiwa kupitia tundu la huduma la kava ya cheni: kizuizi chake huinuliwa kwa bisibisi nyembamba, kipini chake hurudishwa ndani, kisha pini ya milimita 2 hadi 3 huchomekwa kukishikilia. Ukihitaji kutoa mkono wa injini, shikilia injini kwa jeki na ubao chini ya sampu.
6. Shika kamshafti kwa spana kwenye sehemu yake yenye pembe sita, ndipo ulegeze bolti ya katikati ya giya. Kwenye giya ya VVT-i usiguse bolti ndogo za pembeni: zinafungua giya yenyewe.
7. Funga cheni kwa waya na uitundike juu. Kuanzia hapa krenki haiguswi.
8. Legeza kepu kidogo kidogo, kwa zamu, kuanzia nje kuelekea katikati, kila bolti nusu mzunguko. Kamshafti ipande ikiwa imelala sawa. Ikiinuka upande mmoja inaweza kukwama na kuvunja kalio la alumini.
9. Panga kepu kwa namba na mshale wake. Zilichongwa pamoja na hedi hiyo, hivyo kepu ya hedi nyingine haifai hata ikiingia vizuri.

Kwenye Kikumi kuna mtego wake. Mkanda unaendesha kamshafti moja, na hiyo inaendesha ya pili kwa giya. Giya ya ile ya pili ina tabaka mbili zilizobanwa na springi. Kabla ya kulegeza kepu yoyote, funga tabaka hizo pamoja kwa bolti ya milimita 6 kwenye tundu lake. Asiyefanya hivyo springi huruka, na kuirudisha ni kazi ya kuchosha.

Kufunga ni kinyume chake, kwa nyongeza chache. Futa makalio, paka oili safi, na paka mafuta mazito ya kufungia kwenye nundu. Laza kamshafti, weka kepu, kisha kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa zamu tatu au zaidi. Baada ya kila zamu hakikisha kamshafti bado inazunguka kidogo kwa spana bila kung'ang'ania. Rudisha giya na cheni kwenye rangi ulizopaka, na ondoa pini ya tenshena mwisho.

Nafasi ya vali: hapa usikimbie

Wengi huona kamshafti imekaa, wanafunga kava na kuwasha. Hilo ni kosa kubwa. Kamshafti mpya haina vipimo vilevile vya ile iliyolika, kwa hiyo nafasi kati ya nundu na tapeti imebadilika. Ikiwa ndogo mno, vali haifungi vizuri, inaungua, na injini inakosa nguvu. Ikiwa kubwa mno, inagonga, na mwenye gari anaamini ameuziwa spea mbovu.

Kwenye 1NZ-FE baridi, vali za kuvuta hewa zinahitaji milimita 0.15 hadi 0.25, na za kutoa moshi 0.25 hadi 0.35. Pima kila vali nundu yake ikiwa imeangalia juu, mbali na tapeti. Fila ipite kwa msuguano mwepesi. Andika namba zote 16 kwenye karatasi, kwa mchoro wa hedi, kwa sababu ukifika vali ya kumi kumbukumbu inachanganya.

Injini hii haina shimu za kubadilisha: tapeti nzima ndiyo hubadilishwa, na unene wake hupanda kwa hatua za milimita 0.02. Hesabu ni hii: unene wa tapeti mpya ni unene wa ya zamani, ujumlishe nafasi uliyopima, utoe nafasi unayoitaka. Tapeti ya vali ya kutoa moshi ina 5.20, umepima nafasi ya 0.42, unataka 0.30. Unahitaji 5.32.

Si lazima kununua zote mpya. Mara nyingi tapeti za vali mbili zikibadilishana nafasi zote mbili zinakaa sawa, na zinazobaki hupatikana kwenye hedi zilizofumuliwa Kisekka. Nenda na maikromita yako, pima kabla ya kulipa, na usiamini namba iliyochorwa kwenye tapeti iliyotumika miaka mingi. Ndiyo, itabidi kutoa kamshafti tena ili kuziweka. Hakuna njia ya mkato.

Kwenye Kikumi shimu zinakaa juu ya tapeti, na fundi mwenye zana ya kukandamiza tapeti huzitoa bila kushusha kamshafti.

Kabla ya kuwasha

Zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Ikikwama, simama. Kwenye 1NZ-FE pistoni na vali zinaweza kugongana taimingi ikikosewa, na nguvu ya rachi ndefu inatosha kupinda vali. Baada ya mizunguko hiyo miwili kamshafti zimezunguka mara moja, na alama za giya zirudi mahali pake.

Rangi za cheni hazitarudi. Jambo hili huwatia watu hofu, wakafumua kazi iliyokuwa sahihi. Idadi ya viungo vya cheni hailingani na meno ya giya, kwa hiyo rangi zinahitaji mizunguko mingi ndipo zikutane tena. Tazama alama za giya na ya puli tu.

Weka silikoni kidogo mahali kava ya cheni inapokutana na hedi, pande zote mbili, kisha gasketi mpya na kava. Silikoni nyingi inayomwagikia ndani huishia kwenye chujio la pampu. Mwaga oili ya zamani hata kama inaonekana safi, na ubadilishe filta.

Toa fyuzi au relei ya pampu ya petroli, koili zikiwa hazijaunganishwa, na upige stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Rudisha kila kitu na uwashe. Kugonga kwa sekunde kadhaa ni kawaida. Taa ya oili isipozima, au mlio wa chuma ukiendelea, zima mara moja.

Wapo wanaoshauri injini ikimbizwe kwa mizunguko 2,000 kila dakika, kwa dakika 20 mfululizo. Ushauri huo ulizaliwa kwenye injini za zamani za Marekani, zile za kamshafti ya ndani ya bloku na tapeti bapa. Kwenye Toyota hizi inatosha kuiacha ipate joto, kutazama kama inavuja, na kuendesha kwa utulivu siku za mwanzo. Baada ya kilomita 1,000 hivi mwaga oili tena, na upitishe sumaku kwenye iliyotoka uone kama ina chembe za chuma.

Makosa yanayojirudia

- Kubadilisha kamshafti na kuacha cheni iliyorefuka.
- Kukaza kepu moja mpaka mwisho kabla ya nyingine. Kamshafti imewahi kuvunjika hivyo.
- Kuchanganya tapeti, kisha kuzirudisha kwa kubahatisha.
- Kutegemea taa ya simu. Umeme unaweza kukatika kazi ikiwa katikati: kuwa na taa ya chaji.
- Kuendelea jioni kwa uchovu. Funika hedi kwa kitambaa safi, ukalale.

Oili iliyomwagwa

Inabaki ndoo ya oili nyeusi na matambara. Usiimwage mtaroni. Mitaro mingi ya Kampala humiminika kwenye mfereji wa Nakivubo, na mfereji huo unaishia kwenye ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Sehemu ya maji ya bomba ya jiji inavutwa kwenye ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba. Itie kwenye madumu yenye vifuniko, uipeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta kinachopokea oili iliyotumika.